Shule binafsi mbele ya bunge la jimbo Marekani: uombe nini, upitie njia ipi

Aliyezoea sheria ya elimu kutungwa Dodoma au Nairobi na kutumika nchi nzima hushangaa akianza kuendesha shule Marekani. Huko elimu ni kazi ya jimbo. Shule ya msikiti iliyoko Columbus, Ohio, ikishasajiliwa na jimbo inaweza kulipiwa ada ya wanafunzi wake. Shule kama hiyo ikiwa Newark, New Jersey, haipati vocha (fedha za jimbo za kumlipia mtoto ada) hata moja, lakini wanafunzi wake wana haki ya huduma ya muuguzi na vitabu vya kiada kwa fedha za umma. Aliyeweka tofauti hiyo si Washington bali wabunge wa jimbo, na wabunge hao wanafikika kuliko wengi wanavyodhani. New Hampshire ina wajumbe 400 katika Baraza la Wawakilishi, kila mmoja analipwa dola 100 kwa mwaka, na wengi wao hupokea simu wenyewe.

Shule nyingi ndogo za makanisa na misikiti, zikiwemo zile ambako watoto wa Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanasoma, hukosa nafasi hiyo kwa sababu huenda bungeni bila kuamua mambo mawili: wanaomba kitu gani hasa, na nani apeleke ombi. Tuyalinganishe yote mawili, tukianza na ombi, maana ndilo linaloamua njia.

Kitu cha kuomba

Kuna aina nne za msaada ambazo majimbo hutoa. Kwa mzazi zinafanana, kwamba ada inapungua. Kwa anayeendesha shule zinatofautiana sana.

Vocha ndiyo kongwe kati ya mipango ya kisasa. Milwaukee ilianza mwaka 1990, Cleveland ikafuata, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Zelman kwamba vocha kwenda shule za dini hazivunji katiba ya shirikisho iwapo mzazi ndiye anayechagua. Fedha hutoka hazina ya jimbo zikaingia shuleni moja kwa moja. Faida yake ni uhakika: ukijua idadi ya wanafunzi unaijua bajeti. Gharama yake ni masharti. Wisconsin, shule inayopokea vocha inafanya mitihani ya jimbo, inakaguliwa hesabu, inapokea wanafunzi kwa bahati nasibu maombi yakizidi nafasi, na inamruhusu mzazi kumwondoa mtoto kwenye shughuli za dini. Shule ambayo dini imeingia katika kila kipindi inapaswa kulitafakari sharti hilo la mwisho kabla haijapeleka mtu bungeni kuiombea vocha.

Ohio ina mtego mwingine. Mwaka 2023 mpango wake wa vocha uitwao EdChoice ulifunguliwa kwa familia zote. Kwa mwaka wa masomo 2023–24 vocha kamili ilikuwa dola 6,165 kwa shule ya msingi na dola 8,407 kwa sekondari, kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 450 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, na juu ya hapo inapungua hatua kwa hatua. Lakini familia iliyo chini ya asilimia 200 haiwezi kudaiwa tofauti kati ya vocha na ada. Shule inayotoza dola 8,000 kwa darasa la tatu inabeba yenyewe karibu dola 1,800 kwa kila mtoto wa familia hiyo. Kama nusu ya wanafunzi ni wa familia za wakimbizi waliofika karibuni, piga hesabu hiyo kabla ya kushangilia.

Akaunti ya elimu humpa mzazi fedha katika akaunti maalumu, naye hulipa ada, vitabu, mwalimu wa ziada au tiba ya matamshi. Arizona ilianza mwaka 2011 kwa watoto wenye ulemavu, na mwaka 2022 ikafungulia wote. Kiasi cha kawaida ni asilimia 90 ya kile ambacho jimbo lingetoa kwa mtoto huyo katika shule ya mkataba (charter), yaani shule ya umma inayoendeshwa kwa mkataba nje ya wilaya ya shule. Masharti kwa shule ni machache, na hilo ndilo linalowavutia wakuu wa shule. Ugumu upo kwenye mzunguko wa fedha: mzazi huomba malipo yaidhinishwe, idhini ikichelewa shule inakaa wiki kadhaa bila ada huku mishahara inadaiwa. Anayeomba akaunti aombe ndani ya muswada huohuo muda maalumu wa malipo, kwa siku, na jina la ofisi inayowajibika. Texas iliuweka mpango wake, uliosainiwa Mei 2025 na kutengewa dola bilioni moja, chini ya mhasibu mkuu wa jimbo. Sheria hiyo pia inataka shule iwe na ithibati na iwe imefanya kazi kwa angalau miaka miwili, kwa hiyo shule mpya ilipaswa kupigania sharti hilo mapema. Muswada ukishapita, kilichobaki ni kungoja.

Nafuu ya kodi haigusi hazina moja kwa moja. Kampuni au mtu anachangia taasisi ya ufadhili wa masomo, jimbo linampunguzia kodi, na taasisi inatoa ufadhili kwa mtoto. Pennsylvania imekuwa nayo tangu 2001: mfanyabiashara anarudishiwa asilimia 75 ya mchango wake, au asilimia 90 akiahidi miaka miwili. Kisheria ni imara katika mahakama za shirikisho, kwa sababu mwaka 2011, katika kesi iliyotoka Arizona, Mahakama Kuu ilisema mlipakodi wa kawaida hana haki ya kuishtaki nafuu hiyo, fedha zikiwa hazijawahi kuingia mikononi mwa serikali. Mahakama za majimbo ni habari nyingine. Kentucky ilifutiwa mpango wake na mahakama yake kuu mwaka 2022.

Udhaifu wa njia hii ni kikomo na tarehe ya kufa. Mipango mingi ina kiwango cha juu kwa mwaka, na mingine ina kifungu kinachoumaliza wenyewe usipohuishwa. Illinois ilipitisha wake mwaka 2017. Tarehe 31 Desemba 2023 ukaisha kwa sababu bunge halikuuongezea muda. Hakukuwa na kura ya kuufuta, walinyamaza tu. Familia zilizokuwa zinategemea ufadhili huo zikabaki na ada kamili.

Kuna pia nafuu ya shirikisho itakayoanza 1 Januari 2027, hadi dola 1,700 kwa mchangiaji, lakini inafanya kazi tu katika jimbo lililojiunga. Kwa majimbo ambayo hayajaamua, hili ni ombi jepesi kuliko mengine yote: halimgharimu gavana senti ya bajeti yake.

Aina ya nne haina jina kubwa, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa shule ndogo inayoanza: huduma. Basi, muuguzi, vitabu, kompyuta, ulinzi wa majengo. Msingi wake wa kisheria ni wa zamani kuliko vocha, tangu Mahakama Kuu iliporuhusu mwaka 1947 wazazi wa New Jersey kurudishiwa nauli ya basi la watoto wa shule za dini, na mwaka 1968 ikaruhusu New York kuwaazima vitabu. Pennsylvania inalazimisha wilaya yenye mabasi kuwabeba wanafunzi wa shule binafsi hadi maili 10 nje ya mpaka wa wilaya. New Jersey hutoa fedha kwa kila mwanafunzi kwa ajili ya muuguzi, vitabu, teknolojia na ulinzi, na hilo limedumu chini ya Wademokrati na Warepublican vilevile.

Thamani yake hudharauliwa. Kwa shule yenye wanafunzi 120 ambao wazazi wao wanafanya kazi za zamu kwenye maghala na viwanda vya nyama, basi la asubuhi linaamua uandikishaji kuliko vocha. Mzazi anayetoka kazini saa moja asubuhi hawezi kuendesha dakika 40 kumpeleka mtoto. Tena mbunge asiyeweza kabisa kupiga kura ya vocha, kwa imani yake au kwa hofu ya chama cha walimu, anaweza kusaini ombi la kamera na milango salama bila kupoteza rafiki. Ukishafanya naye kazi hapo, anakujua.

Kwa hiyo: jimbo lako likiwa tayari na vocha au akaunti, usiombe kipya, omba marekebisho ya masharti na muda wa malipo. Likiwa halina, na katiba yake ina kifungu kinachokataza fedha za umma kwenda shule za dini, anza na huduma. Uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Espinoza ya Montana mwaka 2020 ulidhoofisha vifungu hivyo: jimbo likifadhili shule binafsi haliwezi kuzitenga za dini kwa sababu tu ni za dini. Lakini halilazimiki kufadhili shule binafsi yoyote. Kuna majimbo ambayo katiba yake inakataza fedha kwenda shule binafsi zote, za dini na zisizo za dini, na huko Espinoza haisaidii. South Carolina ilijifunza hilo Septemba 2024, mahakama yake kuu ilipozuia fedha za akaunti kulipia ada.

Na kura ya wananchi isiepukwe katika hesabu. Novemba 2024 wapiga kura wa Kentucky, Nebraska na Colorado wote walikataa hatua za kuwasaidia wazazi kuchagua shule, Nebraska wakifuta sheria ambayo wabunge walikuwa wameshaipitisha. Arizona nayo ilikataa upanuzi kwa kura mwaka 2018, miaka minne kabla bunge halijaupitisha tena. Jimbo lenye utaratibu wa wananchi kukusanya sahihi na kuipeleka sheria kwenye kura linahitaji ombi dogo na imara, si kubwa na la kuvutia.

Nani apeleke ombi

| Njia | Gharama | Inapofaa | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Jumuiya ya shule binafsi ya jimbo | Ada ya uanachama | Karibu kila wakati | Ombi lako likiwapinga wanachama wakubwa |
| Mshawishi wa kulipwa | Maelfu ya dola kwa mwezi | Muswada wa hatari, vikao vifupi | Shule moja haiwezi kumlipa muda mrefu |
| Mwalimu mkuu na wazazi | Muda, mafuta ya gari | Nyumbani kwa mbunge, mbele ya kamati | Bila ratiba huchelewa |

Jumuiya ndiyo sehemu ya kuanzia. Kitaifa kuna CAPE, iliyoanzishwa 1971, yenye matawi katika majimbo mengi. Texas kuna Texas Private Schools Association, California kuna CAPSO, Wisconsin kuna WCRIS. Wakatoliki wana mabaraza yao ya maaskofu katika majimbo, na haya mara nyingi ndiyo yenye sauti kubwa mezani. Jumuiya inasoma kila muswada, inajua karani wa kila kamati, na inatuma tahadhari siku muswada unapopangiwa kikao. Kitu ambacho jumuiya haiwezi ni kuwa mpiga kura wa mbunge fulani. Hapo ndipo shule yako inapohitajika.

Tatizo la jumuiya hujitokeza maslahi yanapogongana. Shule kubwa inayotoza dola 30,000 haitaki mtihani wa jimbo kwa bei yoyote. Shule ndogo inaukubali mtihani ili ipate vocha. Kabla ya kulipa uanachama, omba orodha ya misimamo ya kikao kilichopita na usome kama ingekufaa.

Mshawishi wa kulipwa ana thamani mahali ambapo muda ni mfupi. Utah hukaa siku 45 kwa mwaka. Texas hukaa siku 140 tu, tena kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na mwisho wa kuwasilisha miswada ya kawaida ni siku ya 60. Katika ratiba kama hizo muswada unaweza kubadilishwa maneno usiku na kupigiwa kura asubuhi, na mtu asiyekuwa kwenye jengo hajui. Ana thamani pia katika ulinzi: pale muswada unapotaka walimu wote wawe na leseni, au mkaguzi aamue kama masomo ya shule ya dini yanalingana na ya umma, kama mvutano wa miaka mingi wa New York. Lakini shule moja ndogo kumwajiri peke yake ni kupoteza ada za watoto. Shule tano hadi kumi zigawane, kwa mkataba ulioandika namba za miswada atakayofuatilia na taarifa ya maandishi kila Ijumaa wakati wa kikao. Hakikisha amesajiliwa na jimbo.

Njia ya tatu ndiyo inayobadilisha kura, nasi tunaiamini kuliko zote kwa shule zenye wazazi wengi na fedha chache. Novemba 2023 Baraza la Wawakilishi la Texas liliiondoa akaunti ya elimu kwenye muswada kwa kura 84 dhidi ya 63. Warepublican 21 walijiunga na Wademokrati, wengi wao wa vijijini, ambako wilaya ya shule ni mwajiri mkubwa na shule binafsi ni chache. Watetezi walikuwa na gavana, fedha na washawishi. Katika maeneo yale hawakuwa na wapiga kura wa kutosha waliosimama kuutetea mpango.

Kazi hii hufanywa kabla ya kikao, Septemba hadi Novemba, mbunge akiwa nyumbani. Mwalike shuleni kwa dakika 45, siku ya kawaida ya masomo. Usimwandalie jukwaa na nyimbo za ukumbini. Mpeleke darasa la kusoma, akae nyuma, asikie mtoto aliyefika nchini bila Kiingereza akisoma aya. Kisha dakika 15 ofisini na wazazi watatu wanaoishi eneo lake la uchaguzi. Mzazi wa nje ya eneo hilo, hata awe msemaji hodari, hana uzito ule. Na msaidizi wa mbunge aliyekuja naye apewe karatasi na namba ya simu kwa heshima ileile, kwa sababu ndiye atakayemwandikia bosi wake muhtasari.

Mzazi asiye raia anaruhusiwa kuzungumza na mbunge na kutoa maoni mbele ya kamati. Asichoruhusiwa, akiwa hana kadi ya kijani, ni kuchangia fedha za kampeni, hata za uchaguzi wa jimbo. Waelezeni wazazi mstari huo waziwazi. Wengi hukaa kimya kwa hofu isiyo na sababu.

Mipaka ya kodi

Shule nyingi zina hadhi ya 501(c)(3), yaani taasisi isiyo ya faida iliyosamehewa kodi ya mapato. Hadhi hiyo inaruhusu kushawishi wabunge kwa kiasi, na inakataza kabisa kuunga mkono au kupinga mgombea. Kumwalika mbunge darasani ni halali. Kumtambulisha kama "mgombea wetu" kwenye mahafali ni kosa linaloweza kuifuta hadhi.

"Kiasi" ni neno lenye ukungu, lakini kuna njia ya kulifanya liwe namba. Jaza fomu 5768 ya IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Kuanzia hapo ukomo ni asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya shule, asilimia 15 ya dola 500,000 zinazofuata, na kuendelea kushuka. Shule inayotumia dola 800,000 kwa mwaka inaruhusiwa dola 100,000 na 45,000, jumla 145,000. Robo ya hiyo, dola 36,250, ndiyo kikomo cha kuhamasisha umma uwapigie wabunge simu. Muda wa kujitolea wa wazazi hauhesabiwi, saa za mwalimu mkuu anayelipwa zinahesabiwa, basi aziandike. Angalizo kwa wengi wetu: makanisa, misikiti na shule zilizo sehemu ya taasisi hizo hazistahili kujaza fomu hiyo. Zinabaki kwenye kipimo chenye ukungu. Shule iliyo chini ya msikiti na inayotaka kufanya utetezi mwingi iulize mwanasheria kuhusu kusajiliwa peke yake.

Dakika mbili mbele ya kamati

Miswada mingi hufa kwenye kamati, kwa hiyo kikao cha kamati ndicho cha kwenda. Nebraska na New Hampshire kila muswada hupata kikao cha wazi. Kwingine mwenyekiti anaweza kuukalia. Kujiandikisha hutofautiana. Arizona hutumia mfumo wa kielektroniki, na akaunti mpya kwa kawaida huwashwa kwenye jengo la bunge lenyewe, hivyo wazazi wapelekwe mapema, siyo asubuhi ya kikao. Jimbo la Washington hupokea msimamo wako mtandaoni hadi saa moja kabla ya kikao. Mkalimani aombwe kwa karani wa kamati siku kadhaa kabla.

Muda ni dakika mbili au tatu, yaani maneno kama 250 ya Kiingereza kwa mwendo wa kawaida. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: jina, mji na wilaya ya uchaguzi, namba ya muswada na kama unauunga mkono, kifungu kimoja na tatizo lake, mtoto mmoja au hesabu moja, ombi kwa sentensi moja. Mfano wa ombi: "Naomba kamati ibadili kifungu cha 4, malipo yafike shuleni ndani ya siku 30 tangu mzazi aombe." Mbunge anaweza kuliandika kama lilivyo. "Naomba mtusaidie watoto wetu" hawezi kuliandika popote.

Karatasi ya kuacha iwe ukurasa mmoja: idadi ya wanafunzi, miji wanakotoka, wangapi wanapata msaada wa ada, ombi, simu. Pelekeni nakala kwa kila mjumbe wa kamati na moja kwa karani.

Makosa yanayoua ombi hujirudia. Kubwa ni kushikilia muswada wenye jina na kuusahau wa bajeti. Ohio mwaka 2023 watu walijaza vikao vya muswada wa 11, uliojulikana kama wa mkoba wa shule, lakini upanuzi wa EdChoice ulikuja kupitia muswada wa bajeti, namba 33. Aliyefuatilia namba moja tu hakuona masharti yakiandikwa. La pili ni kutumia maelezo ya toleo la zamani baada ya muswada kubadilishwa. Hakikisha toleo asubuhi ya kikao. La tatu ni kuisema vibaya shule ya umma. Mbunge mwenye watoto huko, au mke mwalimu wa huko, hufunga masikio hapohapo, na mara nyingi walimu na wazazi wa shule hiyo ndio majirani mnaowahitaji kwa ajili ya basi.

Sheria ikipita, angalia mahakama. Juni 2025 jaji wa Kaunti ya Franklin aliamua EdChoice ni kinyume cha katiba ya Ohio, akaiacha iendelee wakati wa rufaa. Shule yenye vocha iwe na bajeti ya pili, iliyoandikwa na kupitishwa na bodi, inayoonyesha itakavyomaliza mwaka wa masomo iwapo malipo yatasimama Januari.